Goti limepona, na moyo je?



Mtu akipasuliwa goti, kila mmoja anauliza: mguu unakunjika? Anatembea bila magongo? Ni maulizo mazuri. Lakini liko ulizo moja tunalolisahau, nalo ndilo linalowazuia wengi kurudi katika maisha yao ya zamani: je, bado anaogopa? Maoni yangu ni haya: mfanyakazi yeyote asitiwe sahihi ya kurudi shimoni mpaka ulizo hilo limeulizwa na kujibiwa.

Tuanze na goti lenyewe. Ndani yake mna kano mbili zinazopishana kama msalaba. Ile ya mbele inauzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele, na inalishika goti mtu anapogeuka. Inakatika mguu ukikwama na mwili ukigeuka: katika mpira, katika ajali ya pikipiki, au kazini, mguu umenaswa topeni na mzigo uko begani. Mara nyingi mpasuaji hashoni kano iliyokatika. Anachukua kipande cha kano nyingine ya mgonjwa huyohuyo na kukiweka mahali pake. Kipande hicho kinapungua nguvu katika miezi ya kwanza, kisha kinaimarika polepole. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kusikia nafuu wakati kano yake ingali dhaifu.

Wapenzi wa mpira wanamkumbuka Yannick Bolasie wa Leopards. Tarehe 4 Desemba 2016, akichezea Everton ya Uingereza dhidi ya Manchester United, kano yake ya goti ilikatika. Alirudi uwanjani tarehe 26 Desemba 2017. Ni zaidi ya mwaka mzima, kwa mtu aliyetunzwa na waganga wa klabu tajiri. Basi kwa nini tunamcheka mchimbaji ambaye baada ya miezi sita bado anachechemea?

Mwaka 2011 watafiti wa Australia walikusanya habari za wagonjwa 5.770 waliopasuliwa kano hiyo. Karibu 90 kwa 100 walikuwa na goti lililofanya kazi vizuri au karibu vizuri. Lakini 63 tu kwa 100 walirudi kucheza kama zamani, na waliorudi katika mashindano ni 44. Sababu iliyotajwa zaidi na walioacha au kupunguza mchezo ilikuwa hofu ya kuumia tena. Goti liliweza, moyo ulikataa.

Hao walikuwa watu wa michezo. Mtu wa shimoni ana hofu nyingine juu ya hiyo: posho ya watoto, nafasi yake kuchukuliwa na mwingine, na lile jina baya la mvivu. Akikaa na mawazo hayo peke yake, anaacha mazoezi kwa sababu ya woga. Misuli ya paja inakonda, goti linakuwa dhaifu kweli, na woga unaongezeka. Mwingine anaona haya kuogopa, anaficha, anarudi mbio kubeba mizigo kabla ya wakati. Na yule anayeshuka ngazi akiliwaza goti tu, haangalii jiwe lililo juu ya kichwa chake. Hapo hatari si yake peke yake, ni ya kikosi kizima.

Najua kapita fulani atasema: "Mkiuliza habari za woga, kila mtu atajifanya mwoga ili akae nyumbani." Simkatalii kwamba wadanganyifu wako. Lakini maulizo yanayofaa yapo. Tangu mwaka 2008 waganga wana orodha ya maulizo 12, iliyotungwa Australia, kwa ajili ya kano hii hasa: kama mtu analiamini goti lake, kama anaogopa kuumia tena, kama anaweza kucheza bila kuliwaza. Yetu yanaweza kusemwa kwa lugha ya kazi: ngazi, mzigo, tope, giza. Robo saa inatosha. Kano ikikatika mara ya pili, ni kupasuliwa tena na kungoja upya miezi mingi.

Sisi wa Bungulu na Beni yote tusijifanye wageni wa jambo hili. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 mpaka ilipomalizika tarehe 25 Juni 2020, iliua watu 2.287. Katika siku zile tuliona kwamba sindano na dawa hazikutosha. Walihitajika pia watu wa kuketi na jamaa, kusikiliza, kueleza, kufariji. Waliopona walisaidia kuwatunza wagonjwa na watoto. Kama tulikubali hivyo kwa Ebola, tukubali pia kwa goti.

Basi, kila mmoja ana kazi yake.

Mgonjwa: mwambie kine wazi jambo unaloliogopa. Mazoezi yagawanywe kidogo kidogo. Leo kipandio kimoja, juma lijalo vitatu. Andika kila hatua uliyoshinda.

Mama na jamaa: msimfanyie kila kitu kama mtoto, wala msimsukume. Mketi naye anapofanya mazoezi. Akikosa usingizi siku nyingi, akiacha kula, akikimbilia kasiksi kila jioni, mleteni kwetu. Akisema afadhali kufa, mleteni siku ileile, wala asiachwe peke yake.

Kapita na wenzake wa kikosi: mtembeleeni. Akirudi, aanze na kazi nyepesi juu ya ardhi, na asiitwe mvivu.

Wale waliopasuliwa zamani na kurudi kazini: nendeni mkamwone mgonjwa mpya. Neno lenu lina uzito kuliko letu, kwa kuwa mlipita njia hiyo.

Nasi wa dispensari tuongeze mstari mmoja katika karatasi ya kurudi kazini, chini ya ule wa goti: mgonjwa aliulizwa juu ya hofu yake, na alijibu nini. Mstari huo usipojazwa, sahihi isitiwe.