Riale ya 1780 si lazima iwe ya 1780

Sarafu ya riale ya Maria Theresa ndiyo inayowatoa watu pesa hapa Mombasa. Muuzaji anakuonyesha mwaka 1780, anadai bei ya enzi hizo. Malkia Maria Theresa alifariki 1780 na tarehe haikubadilishwa tena. Zilizopigwa Roma, London na Bombay miaka ya 1930 na 1940 zina mwaka uleule, hata za Vienna za juzi. Ipime: gramu 28 na ushee, fedha asilimia 83. Lipa thamani ya fedha, ongeza kidogo tu. Iliyosuguliwa ikang'aa iache. Na mnaosafiri kupitia Uwanja wa Ndege wa Moi, sheria ya makumbusho ya 2006 inataka kibali kutoa vitu vya kale nchini. Ulizieni kibali kabla ya kulipa.