Pamba za Malkia, Madeni ya Vijana

Unadhani kupiga pamba ili watu wajue wewe ni nani kumeanza na sisi? Thubutu! Itazame picha ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, iliyochorwa baada ya manowari za Hispania kushindwa mwaka 1588. Lulu zimemjaa kuanzia kichwani hadi kwenye gauni, shingoni ana kola kubwa ya lesi, na mkono wake umetulia juu ya tufe la dunia. Hapo hata asiyejua kusoma alielewa bosi ni nani.

Wengine nao walitaka kung'aa. Ndiyo maana mwaka 1574 Malkia alitoa amri ya nani avae nini: hariri ya zambarau ilikuwa ya familia ya kifalme, na kwa kiasi tu, wakuu wachache. Amri hiyohiyo ililalamika kwamba vijana wanamaliza mali walizoachiwa na wazazi na kuzama kwenye madeni kwa ajili ya mavazi.

Siku hizi hakuna amri, unavaa utakacho. Ila muulize mwenzako leo usiku: hizi pamba zetu zinalipwa na mshahara, au na mkopo?