Panya Mlinzi wa Ghala

Huko Mwazye, katika nyanda za juu za Ufipa, mkulima hufukia nyasi ndani ya tuta zipate kuoza na kuwa rutuba. Ni hekima kongwe ya Wafipa. Lakini si kila kilichofukiwa huwa rutuba. Uovu wa askari ukifukiwa hauzai ila uovu mwingi zaidi.

Askari mshirika wa biashara ya dawa za kulevya hafanani na mwizi. Mwizi huivunja sheria, yeye huiuza. Mwizi huiogopa filimbi. Yeye ndiye mwenye kuipiga.

Na tutazame Mombasa. Ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Novemba 2014. Zaidi ya miaka miwili ikapita, hata Januari 2017 wakapelekwa Marekani. Oktoba 2018 walikiri makosa yao mbele ya mahakama ya New York. Hongo walizowapa maofisa wa Kenya, polisi wakiwamo, zilidhihirika huko. Baktash alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Hongo haina mkono mmoja. Mkono uliotoa ulifungwa ugenini. Ule uliopokea mbona hatukuuona ukitiwa pingu?

Kwetu Tanzania, Februari 2017, Mkuu wa Jeshi la Polisi, Ernest Mangu, aliwasimamisha kazi askari 12 kwa tuhuma za dawa hizo. Ilikuwa hatua njema, lakini kusimamishwa si kuhukumiwa, wala kutajwa hadharani si ushahidi. Tuhuma isiyofikishwa mahakamani humdhulumu asiye na hatia, na humwokoa mwenye hatia. Sheria ya mwaka 2015 imekwisha tungwa. Haikosi makali, hukosa mkono wa kuishika.

Watu husema mshahara wa askari ni mdogo. Mkulima wa Mwazye hana mshahara kabisa, wala umaskini wake haumpi ruhusa ya kuuza sumu.

Basi tudai neno moja: kila askari atuhumiwaye ashtakiwe au asafishwe, mbele ya watu wote. Kwa mwanakijiji aliye mbali, askari ndiye uso wa serikali. Ghala likilindwa na panya, kuongeza kufuli ni kazi bure. Kwanza mlinzi na aondolewe.