Kichaa cha mbwa: Jina linaloficha mengi

Hivi majuzi mtoto wa jirani yangu aliumwa mkononi na kijibwa cha miezi miwili alichokuwa akicheza nacho uani. Jeraha lilikuwa dogo, mithili ya mkwaruzo wa mwiba. Nilipomshauri babake ampeleke hospitalini, alicheka akaniambia: "Mwalimu, hiki hakina kichaa. Kinakula vizuri na kulala vizuri." Tulibishana kwa kitambo kabla hajakubali.

Maneno ya bwana huyo yalinikaa akilini, kwani kazi yangu ni kuchunguza maneno. Neno "kichaa" alilitumia kama tulivyolipokea sote. Tunapolisikia humwona mbwa akikimbia ovyo, udenda ukimtoka, akiuma kila kilicho mbele yake. Wala si Kiswahili pekee kilichouita ugonjwa huu kwa tabia hiyo. Warumi waliuita kwa neno lenye maana ya ghadhabu, na Wafaransa hufanya vivyo hivyo hadi leo. Jina hilo si kosa, lakini linaficha mengi, na yanayofichwa ndiyo yanayoua.

Kwanza, si kila mbwa aliyeambukizwa hupandwa na wazimu. Wapo wanaonyamaza, wakajificha gizani, taya likalegea na miguu ikapooza. Aidha, virusi vinaweza kuwamo katika mate ya mbwa siku kadhaa kabla ya dalili yoyote kuonekana. Kwa hivyo anayesubiri kukiona kichaa ndipo aende hospitalini, huenda akasubiri mauti yake.

Pili, ugonjwa huu si wa mbwa peke yake. Paka, punda, ng'ombe, mbuzi na wanyama wengine wanyonyeshao huupata na kuueneza, ingawa mbwa ndiye chanzo cha takriban asilimia 99 ya vifo vya binadamu.

Tatu, na hapa ndipo penye msiba, jina halimtaji binadamu kabisa. Mgonjwa anaposhindwa kumeza maji, akashtushwa na upepo na kuanza kupayuka, jamaa zake husema amerogwa au amerukwa na akili. Wakati huo huwa wamekwisha kuchelewa, kwa maana dalili zikishajitokeza, kupona ni jambo la nadra mno. Baina ya kuumwa na dalili aghalabu hupita miezi miwili au mitatu; pengine wiki moja, pengine mwaka. Muda huo ni neema kwa anayeutumia na mtego kwa anayeusahau. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.

Je, aliyeumwa afanye nini? Aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini siku iyo hiyo ili aanze kuchanjwa. Asipake mafuta ya taa wala majani. Wapo wanaoogopa kwa sababu ya masimulizi ya sindano nyingi za tumboni. Hayo ni ya chanjo za zamani. Chanjo ya leo ni sindano chache za mkononi, ila ni sharti zikamilishwe kwa tarehe alizotoa daktari. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mvulana wa miaka tisa huko Ufaransa mwaka wa 1885, dunia imejua kwamba kifo hiki chaweza kuzuiwa.

Hata hivyo, hapa Kenya, ambako ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mbwa mwaka wa 1912, inakadiriwa kuwa watu wapatao 2,000 huangamia kila mwaka. Mnamo 2014 serikali ilizindua mkakati wa kuvitokomeza vifo vinavyoletwa na mbwa ifikapo mwaka wa 2030. Msingi wake ni mmoja: kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote, tena mwaka baada ya mwaka. Idadi hiyo ikifikiwa, virusi hukosa pa kupita. Kuwaua mbwa wanaorandaranda hakusaidii, kwani nafasi yao huchukuliwa upesi na wengine wasiochanjwa.

Huu si mkakati wa ndotoni. Katika kisiwa cha Pemba, ugonjwa huu ulikomeshwa mwaka wa 2014 kwa kuwachanja mbwa. Uliingia tena mwaka wa 2016, na chanjo ikaukomesha kwa mara ya pili mwaka wa 2018. Fundisho ni kwamba kazi hii huwezekana, na ikiachwa huharibika.

Kwetu, huduma za mifugo na hospitali nyingi zi mikononi mwa serikali za kaunti. Kumchanja mbwa ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na kumtibu mtu aliyeumwa. Kaunti inayobana fedha za chanjo ya mbwa italazimika kutumia nyingi zaidi katika wadi, na maskini aliyetumwa kujinunulia dawa ndiye atakayelipa, pengine kwa uhai wake.

Lakini serikali haiwezi kuwamo katika kila ua. Shirika la Afya Ulimwenguni limeeleza kwamba asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Hao ni wanafunzi wetu. Wengi huficha jeraha kwa kuogopa kuchapwa kwa sababu ya kumchokoza mbwa. Mwalimu na amwambie mtoto, kwa lugha anayoielewa, kwamba akiumwa au hata kukwaruzwa aseme siku iyo hiyo, na kwamba hataadhibiwa. Mwanafunzi naye akawaeleze wazazi nyumbani kwamba hata kijibwa huchanjwa.

Mtoto wa jirani yangu amekamilisha sindano zake na amerudi shuleni. Babake bado anaamini kwamba kijibwa kile hakikuwa na neno, na huenda ni kweli. Lakini juzi alikuja kuniuliza ni lini wachanjaji wa mbwa watafika mtaani petu. Hilo ndilo swali ambalo kila mzazi anapaswa kuiuliza kaunti yake.