Mfanyakazi Apewe Kazi Yake, Si Nambari Yako ya Siri

Ukiingia hoteli nyingi za Isiolo mjini, hasa zile za kando ya barabara kuu ya Marsabit na Moyale, utakuta simu kubwa ama tabuleti pale kaunta. Programu ya kuuza ipo, nambari ya tili imebandikwa ukutani, risiti inatoka. Mambo safi. Lakini ukiuliza nani ameingia kwenye programu hiyo, jibu ni moja: bosi. Keshia anatumia jina la bosi, mhudumu wa asubuhi anatumia jina la bosi, na yule kijana wa zamu ya usiku pia ni bosi. Wote wanatumia nambari moja ya siri.

Wateja wetu wengi wenye biashara hutuuliza kuhusu ada za kutoa pesa. Ni wachache wanaouliza nani ana ruhusa ya kuzitoa. Maoni yetu ni kwamba swali la pili ndilo zito, na anayeumia kwanza likikosa jibu ni mfanyakazi.

Tunaelewa tabia hii ilivyoanza. Lipa na M-PESA ilipoingia mwaka wa 2013, biashara ndogo ilizoea simu moja inayopokea ujumbe wa malipo. Sasa bosi akienda mnada wa mifugo, ama akisafiri Merti ama Garbatulla, keshia atajuaje kama pesa imeingia? Akitegemea ujumbe ulio kwenye simu ya mteja, anaweza kuonyeshwa ujumbe wa uongo, ama wa jana. Kwa hivyo bosi anaacha simu, na nambari ya siri anaitaja kwa sauti ya chini: "Ikihitajika, utatumia." Isitoshe, keshia ni mtoto wa dada yake. Kumficha nambari kunaonekana kama kumwambia kwamba yeye ni mwizi.

Chukua mfano huu. Jioni hesabu inapungua shilingi 2,400. Programu inaonyesha kwamba bili tatu za nyama zilifutwa saa nane mchana, baada ya chakula kutoka jikoni. Nani alizifuta? Programu inasema ni bosi, na bosi alikuwa Merti. Waliokuwa zamu ni watu wanne, na wote waliingia kwa jina lake. Pengine ni wizi. Pengine wateja walibadilisha oda na mtu akabonyeza vibaya. Hakuna njia ya kujua, na watu wasipojua hukisia. Makisio nayo huwaangukia walewale: aliye mdogo, aliye mgeni, ama yule ambaye si jamaa. Anakatwa mshahara ama anafukuzwa, na hana hata karatasi moja ya kujitetea.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema kwamba kumwekea mtu mipaka ni kumshuku. Kila mtu akiwa na jina lake kwenye programu, rekodi inaweza kumtoa kwenye lawama vilevile inavyoweza kumwingiza.

Programu nyingi za biashara zina sehemu ya makundi ya watumiaji. Kwa hoteli yenye wafanyakazi watano hadi kumi, makundi manne yanatosha:

Wahudumu wafungue meza na kuingiza oda. Wasifute oda iliyokwisha kwenda jikoni, wala wasibadilishe bei.

Keshia apokee malipo, aone pesa zilizoingia kwa tili na atoe risiti. Asitoe pesa kwa tili wala asipunguze bei.

Msimamizi wa zamu aidhinishe kufutwa kwa bili na kurudishwa kwa pesa, hadi kiwango ulichoweka. Asiidhinishe alichoingiza yeye mwenyewe.

Mwenye biashara abaki na bei, menyu, ripoti zote na kutoa pesa.

Ona kwamba keshia anaweza kuona pesa bila kuweza kuigusa. Kama huduma yako ya tili inaruhusu wasaidizi, msajili kwa laini yake mwenyewe, na simu yako usafiri nayo.

Menyu nayo inahusika, ingawa watu huiona kama urembo. Kwenye baadhi ya programu ruhusa hufuata vikundi vya menyu. Kama umetupa kila kitu kwenye kikundi kimoja kinachoitwa "Vyakula", itakuwa vigumu kumruhusu mhudumu aweke alama kwamba chapati zimeisha huku bei ya nyama ikiwa imefungwa. Panga vikundi kulingana na jinsi bidhaa inavyonunuliwa na kupimwa. Nyama ya mbuzi na ya ngamia huuzwa kwa kilo, nusu na robo. Iweke peke yake, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi ilipo na ndipo mizani hubishaniwa. Chai na maziwa ya ngamia viwe na kikundi chao, cha vikombe na lita. Chapati, anjera na mahamri vinahesabiwa kimoja kimoja. Soda na maji ya chupa vinahesabiwa kwa kreti na katoni.

Kisha kuna kile kitufe cha "Vinginevyo", ambacho mtu anajiandikia bei. Kiondoe, ama kiwe cha msimamizi peke yake. Kikibaki wazi kwa kila mtu, nusu kilo ya nyama inaweza kuuzwa pale kama kitu cha shilingi 50 na ripoti isionyeshe chochote.

Ukipanga hivyo, ripoti ya jioni inaanza kuongea. Tuseme umenunua kilo 20 za nyama, zimeuzwa 16, na kwenye friji zimebaki 2. Zile 2 zinazokosekana zina kikundi chake, zina zamu yake, na kuna majina ya waliokuwa kazini. Unaweza kuuliza swali moja kwa mtu mmoja, bila kuwakusanya wote na kuwatisha.

Kuna pingamizi moja ambalo lina uzito. Saa saba mchana basi limesimama, abiria wana dakika chache, na mhudumu ameingiza mbuzi mahali pa kuku. Akisubiri bosi aidhinishe akiwa mahali ambapo mtandao haushiki, mteja ataondoka. Ni kweli kabisa. Lakini dawa yake ni kiwango, si kurudi kwenye nambari moja ya wote. Msimamizi wa zamu aweze kurekebisha papo hapo hadi, tuseme, shilingi 1,000, na kila rekebisho liandikwe sababu. Zaidi ya hapo, bosi apigiwe. Siku ambayo msimamizi hayupo, mpe mtu mwingine cheo hicho kwa jina lake mwenyewe, kwa siku hiyo tu.

Mfanyakazi akiacha kazi, zima akaunti yake siku hiyohiyo. Usiifute, kwa sababu mauzo aliyofanya yanahitaji kubaki na jina lake. Na usimkabidhi mgeni akaunti ya aliyeondoka. Utakuwa unamrithisha na lawama zisizo zake.

Sheria nayo iko hapo. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni inasema ni kosa kuingia kwenye mfumo bila idhini. Lakini ikiwa ni wewe uliyemtajia mtu nambari yako, utasema vipi kwamba hakuwa na idhini? Hata sisi hatutawahi kukuomba nambari hiyo, kwa simu wala kwa ujumbe.

Leo ukishafunga hesabu, badilisha nambari ya siri. Andika majina ya wote walio zamu na umfungulie kila mmoja akaunti yake. Halafu waite, uwaeleze sababu mbele ya wote, ukianza na yule mtoto wa dada yako.