Usiache Mbachao: Kaluvu Nayo Ina Ladha Yake

Majuzi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu, alinialika Nairobi nikaonje bia za viwanda vidogo. Aliniagizia kwanza bia chungu, kisha nyeusi yenye harufu ya kahawa, na mwisho chupa moja kutoka Ubelgiji iliyonishangaza, kwani ilikuwa chachu mfano wa ndimu. "Mwalimu," akaniambia, "hii haipendwi siku ya kwanza. Ulimi lazima ufunzwe."

Nilicheka kimoyomoyo. Uchachu ule niliujua. Ni ndugu wa uchachu wa kaluvu, pombe ya kwetu Machakos.

Msomaji asidhani natania. Bia ile, iitwayo lambic, haitiwi hamira na mtu. Huachwa wazi usiku hadi ishikwe na hamira za hewani. Mzee wa Kikamba naye hakununua hamira dukani. Alipasua tunda la mvungunya, akalianika juani, kisha akalitumbukiza katika maji ya asali au ya miwa na kuyaweka mahali penye joto. Hamira hukaa katika nyuzi za tunda hilo, nalo hukaushwa likatumika tena na tena. Elimu ni ile ile. Tofauti ni kwamba mwaka 2016 UNESCO iliutia utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu, ilhali sisi kaluvu twaionea haya.

Mimi kama mwanaisimu naona hasara nyingine. Nyuki wa Kiswahili ni nzuki kwa Kikamba na njuki kwa Kikuyu. Kwa Wakikuyu, uuki ni asali; kwa Wakamba, uki ni pombe. Neno moja la kale limebeba asali na kileo, likatuhifadhia historia ya mzinga. Tunda la mvungunya nalo Wakikuyu huliita muratina, nasi twasema muatine, kwa kuwa mara nyingi penye r katika Kikuyu, Kikamba hakina kitu. Ni vijana wangapi wayajuao haya? Yule awezaye kutaja aina tano za bia kwa majina ya kigeni hana neno moja la lugha ya mamake la kutofautisha pombe iliyoiva na iliyoharibika.

Najua nitakavyojibiwa: pombe za kienyeji zinaua. Sikatai kwamba watu wamekufa. Mwaka 2005, huku huku Machakos, makumi ya watu walifariki baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Lakini methanoli ile ni kemikali ya viwandani, haikutoka mzingani. Zamani kileo kilisimamiwa na wazee, na vijana hawakukigusa. Ufundi ulipofukuziwa vichakani, walaghai waliachiwa uwanja. Sheria ya mwaka 2010 ilifuta marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980 na kuruhusu vinywaji hivi vitengenezwe kwa leseni. Mlango ulifunguliwa, lakini dharau yetu haikuondoka.

Simwambii mwanafunzi anywe. Sheria hiyo hiyo yamkataza aliye chini ya miaka 18, nami naiunga mkono. Na mtu mzima akiamua kutokunywa kabisa, hajapungukiwa na kitu. Nasema ajue. Mwalimu wa kemia afundishapo jinsi vitu vinavyochacha, aanze na muatine kabla ya kufika kwa Pasteur. Mwalimu wa lugha naye awatume wanafunzi kwa babu na nyanya zao, daftari mkononi, wakaandike majina ya vyombo, ya hatua na ya ladha. Wazee hao hawatatungoja.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mwanafunzi wangu nimemwalika aje Machakos mwezi wa Desemba. Chupa yake ya Ubelgiji na ailete. Mimi nitamtafutia mzee mwenye kibuyu, na maneno yake.