Punguza Hiyo Sabufa

Mimi sipingi muziki. Nimezaliwa Busia, mji uliogawanywa na mpaka, lakini nyimbo zetu hazina pasipoti. Ninachopinga ni sabufa zinazofungwa chini ya viti vya teksi na matatu, kisha sisi abiria tunaambiwa hayo ndiyo maendeleo.

Gari hutoka kiwandani na redio inayotosha. Fundi huongeza amplifaya na spika ya besi pana kama sufuria ya matanga. Amplifaya inayotoa wati 600 kwa umeme wa volti 12 huvuta zaidi ya ampea 50. Mzigo huo unataka waya mnene na fyuzi karibu na betri. Nimeona kwa macho yangu waya mwembamba kama kamba ya kiatu ukipitishwa chini ya zulia, na fyuzi hakuna. Waya huo ukichubuka ukagusa chuma, gari lenye abiria 14 linaweza kuwaka moto.

Tuseme haliwaki. Je, masikio? Kipimo cha usalama kazini kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hupungua nusu. Zikifika 100, zimebaki dakika 15. Safari ya Busia hadi Tororo hupita dakika hizo. Abiria hushuka akapumzika. Kondakta hugeuza na gari, kutwa nzima. Mtoto wa shangazi yangu alifanya kazi hiyo miaka mitatu. Siku hizi ukimwita kwa nyuma hageuki. Wasiojua husema ana kiburi.

Wapo watakaodai kwamba vijana hawapandi gari lililo kimya. Nani alituuliza? Mimi ni kijana, na pale stendi hupanda gari lililokaribia kujaa, kama mama muuza dagaa anavyofanya. Wengine watasema gari ni la mwenyewe. Sawa, lakini masikio ni yangu, na nauli nimelipa nifikishwe, si nitikiswe. Isitoshe, Uganda ilitunga kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2003, na Kenya mwaka 2009. Sheria ipo pande zote mbili za mpaka. Inayokosekana ni sauti ya abiria.

Tena kuna hasara ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kuisema. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Tulishangilia. Lakini Kiswahili changu cha kwanza sikukipata darasani. Nilikipata ndani ya teksi, nikiwa nimebanwa kati ya Msamia, Mteso na Mjapadhola waliokuwa wakibishana bei ya mahindi kwa lugha ambayo haikuwa ya mama wa yeyote kati yao. Leo watoto wanaoketi pale nilipoketi wanasikia besi tu. Wazee wananyamaza. Hata anayetaka kushuka hugonga bati na bado hupitishwa kituo chake.

Basi abiria wenzangu, tusingoje polisi. Kabla hujatoa nauli, sema: "Kondakta, punguza." Akikataa, na jirani yako aseme. Gari zima likisema, dereva atasikia, iwapo masikio yake bado ni mazima.